Ile meli ya African Queen ilipita Gulwe

Wadau, kila mtu ana picha moja ambayo hachoki kuiangalia. Wapo wanaolia na Titanic, wapo ambao bila Rambo hujawaambia kitu. Mimi ugonjwa wangu ni The African Queen, ya mwaka 1951, iliyoongozwa na John Huston. Steringi ni Humphrey Bogart, mlevi mwenye kiboti kibovu cha mvuke, pamoja na Katharine Hepburn, dada wa mmisionari. Mwaka ni 1914 na mahali ni hapa kwetu, enzi ya Mjerumani. Wawili hao wanateremka mtoni, wanapita maporomoko, risasi, mbu na ruba, waende kuizamisha meli ya kivita ya Wajerumani iliyoko ziwani. Bogart alipata Oscar yake pekee kwa picha hii, na kwa kweli alistahili.

Kasoro zake nazijua. Ilipigwa Kongo na Uganda, na vipande vingine studio huko Uingereza. Mto wao unaitwa Ulanga, na eti maji yake yanaishia ziwani! Ulanga wetu unaingia Rufiji, na Rufiji inaingia Bahari ya Hindi. Hayo yote nilisamehe. Picha ni picha.

Kilichonikwamisha ni Gulwe.

Nilikuwa kwenye treni ya reli ya kati, naelekea Kigoma, tukasimama pale Gulwe, wilaya ya Mpwapwa, muda mrefu kuliko kawaida. Wanaoijua njia ile wanajua kwamba kati ya Kilosa na Gulwe mto na reli havijawahi kupatana. Mafuriko ya Desemba 2009 yalizoa tuta na kusimamisha treni kwa miezi. Basi nikatoa makaratasi yangu, nikaanza kusoma habari za meli halisi iliyo nyuma ya riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, ambayo ndiyo iliyozaa picha.

Meli yenyewe iliitwa Graf von Goetzen. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha yapatayo 5,000 na kuletwa Dar es Salaam. Kutoka Dar ilipanda treni. Reli ilikuwa imefika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwanzoni mwa 1914, na njia ni hii hii. Maana yake meli ya mita 71, injini, mabamba na misumari yake, ilipita Gulwe ikiwa juu ya mabehewa! Nilichungulia dirishani kama mshamba. Nje kulikuwa na kina mama na mabeseni ya karanga.

Ilishushwa majini Februari 1915. Hakuna Bogart aliyeizamisha. Waingereza walileta boti mbili, Mimi na Toutou, wakazikokota kupitia misitu ya Kongo hadi Ziwa Tanganyika, wakaiteka meli moja ndogo ya Kijerumani na kuizamisha nyingine, lakini Goetzen hawakuthubutu kuigusa. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe, baada ya kuzipaka injini grisi nzito zisioze. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiwa na jina ambalo watu wa Kigoma wanalijua vizuri: Liemba.

Sasa rudini kwenye picha. Mwanzoni askari wa Mjerumani wanachoma kijiji na kuwaswaga wanakijiji. Baada ya hapo wale watu hatuwaoni tena. Nimeiangalia mara nyingi mno bila kujiuliza walikwenda wapi.

Walikwenda kubeba mizigo. Agosti 1916 vita vilipita Mpwapwa na Kilosa vikifuata reli hii. Kwanza Mjerumani alichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa Ugogo wawe wapagazi, kisha Mwingereza akaja akachukua vilivyobaki. Mvua nazo zikagoma. Ikaja njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya, kati ya 1917 na 1920. Inakadiriwa kuwa Wagogo walikuwa kama 150,000, na waliokufa ni kama 30,000. Mtu mmoja kati ya watano.

Jirani yangu alikuwa mzee wa huko huko, anashukia Dodoma. Nikamuuliza kama amewahi kusikia Mtunya.

"Mjukuu wangu, bibi yangu alizaliwa mwaka ule," alisema. "Na hayo makaratasi yako yanasemaje?"

Nikamsimulia habari ya meli, grisi na yote.

"Wakaiopoa?"

"Ndiyo, babu. Ilipiga kazi miaka mingi sana."

Akatikisa kichwa, akanunua karanga za mia tano, akanigawia nusu. Treni ilikuwa bado imesimama.

Picha bado naipenda, sitawadanganya. DVD ninayo. Ila siku hizi ile dakika ya moto naiangalia mara mbili, nawatafuta nyuso.