Gideoni na Vigae vya Samaria

Julai 2021 zilienea habari kwamba jina la Gideoni, mwamuzi wa Biblia, limefukuliwa ardhini. Huko Khirbet al-Ra'i, karibu na Lakishi ya kale, wanaakiolojia walikuwa wamekuta vipande vya gudulia lenye maandishi ya wino ya mnamo 1100 KK. Herufi zilizosalia waliziona zikitamka Yerubaali, jina la pili la mwamuzi huyo. Tangu hapo wapo wanaolitaja gudulia hilo kama uthibitisho kwamba Gideoni aliishi.

Dai hilo halisimami. Maandishi yamekatika na herufi ya kwanza imeharibika. Chombo chenyewe kilikuwa cha ujazo wa lita moja hivi, na kilipatikana katika shimo la akiba lililojengewa mawe, kusini, katika nyanda za chini za Yuda. Gideoni wa Waamuzi ni mtu wa Manase, na vita vyake vilipiganwa katika bonde la Yezreeli, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo. Hata wasomi walioyachapisha maandishi hayo walisema wazi kwamba hawawezi kujua kama ndiye. Majina yenye Baali yalikuwa ya kawaida enzi hizo: mtungi wa Khirbet Qeiyafa, uliotangazwa 2015, una jina la Eshbaali.

Masimulizi yenyewe hayahitaji kurudiwa kwa urefu. Mungu anamwita kijana anayepura ngano ndani ya shinikizo la zabibu ili Wamidiani wasimwone. Anabomoa madhabahu ya Baali ya baba yake. Watu 32,000 wanapunguzwa hadi 300 penye chemchemi ya Harodi: kwanza wanaoogopa wanarudi nyumbani, kisha waliobaki wanachujwa kwa namna walivyokunywa maji. Wasomaji wa Kurani wanalijua jaribio la mtoni linalofanana na hilo, katika kisa cha Taluti.

Ushahidi ninaoupa uzito uko kwingine, na ni ajabu jinsi unavyotajwa mara chache. Mwaka 1910 msafara wa Chuo Kikuu cha Harvard, chini ya George Reisner, ulifukua huko Samaria vigae vilivyoandikwa kwa wino. Zaidi ya 60 vinasomeka, na leo vimehifadhiwa Istanbul. Ni kumbukumbu za makarani wa karne ya 8 KK, wasomi wengi wakivihusisha na utawala wa mfalme Yeroboamu wa Pili. Hakuna kisa wala sifa ya mfalme ndani yake. Kwa kawaida karani anaandika mwaka wa utawala, mahali mzigo ulikotoka, majina ya wahusika, kisha mzigo wenyewe: mtungi wa divai iliyokaa, au mtungi wa mafuta safi.

Miongoni mwa koo zilizotajwa yumo Abiezeri, ukoo wa Gideoni. Wamo pia Heleki, Asirieli, Shekemu na Shemida, ambao Yoshua 17 inawataja kama wana wa Manase, pamoja na Noa na Hogla, wawili kati ya mabinti wa Selofehadi. Orodha ambayo wengi huiruka wanaposoma Biblia ilikuwa ramani hai ya wakulima, na serikali iliitumia kukusanyia mazao.

Kuna jambo jingine. Katika Waamuzi 8, Waefraimu wanapomkasirikia Gideoni, yeye anawatuliza kwa kuisifu Efraimu, akisema masazo ya zabibu zao yanashinda mavuno yote ya Abiezeri. Na divai ni mojawapo ya vitu ambavyo Abiezeri wanapeleka katika vigae vya Samaria. Aliyeyatunga maneno hayo alijua watu hao waliishi kwa kilimo gani.

Wako wanaosema kitabu cha Waamuzi kiliandikwa karne nyingi baadaye, kwa hiyo habari zake ni hekaya tupu. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo ina nguvu, nami naikubali: mkono wa wahariri wa baadaye unaonekana. Hitimisho lake ndilo la pupa. Vigae vinaonyesha kwamba katika karne ya 8 KK ukoo huo ulikuwepo, ukiwa na ardhi na jina lake, na ukoo wenye ardhi huwa na wa kukumbukwa. Tena kumbukumbu hii haikumpamba shujaa wake. Anakataa ufalme, kisha anatengeneza naivera (vazi la kikuhani) ya dhahabu inayowapotosha Israeli. Mwanawe Abimeleki, aliyezaliwa na mwanamke wa Shekemu, anawaua ndugu zake 70.

Vigae vya Samaria havimthibitishi Gideoni mwenyewe, na asitokee wa kuvilazimisha vifanye hivyo. Vinathibitisha jamii iliyombeba kichwani: wakulima wa zabibu na mizeituni wa milima ya Manase, waliolipa kwa mitungi. Anayefundisha habari za Gideoni, kanisani au darasani, aanze na watu hao. Wana ushahidi ulioandikwa, na hawajapata bado heshima wanayostahili.