Risasi iliyokatazwa kwenye kompyuta, na bati la Kalehe

Bandugu wasomi, leo siasa tuiweke pembeni kidogo. Nataka niwaonyeshe kitu nilichokiona ndani ya masini yangu.

Nilikuwa naandika TFC. Kompyuta niliyokuwa nayo ni zile tunazoletewaga kupitia Kavimvira: zimetumika miaka mitatu, minne kwenye maofisi ya Ulaya, kisha zinauzwa kwa mafungu. Nililipa dola 150. Klavie yake ni ya Kijerumani, Z na Y zimebadilishana nafasi, kwa hiyo kwenye karatasi zangu za kwanza "nyumbani" ilitoka "nzumbani". Directeur wangu aliniuliza kama hiyo ni Kifuliiru.

Lakini ni masini ya kazi. Watengenezaji wanatofautisha kompyuta ya nyumbani na ile ya kuuziwa kampuni. Ile ya kampuni ina mwili mgumu, klavie yenye vijitundu vya kupitishia maji yakimwagika, betri ya kutoa bila bisibisi kwa zile za zamani, na mara nyingi imejaribiwa kwa kanuni za jeshi la Marekani zinazoitwa MIL-STD-810: joto, vumbi, mtikisiko, kuanguka. Nimeibeba juu ya pikipiki kutoka Mutarule mpaka Uvira mjini sijui mara ngapi, na barabara ya taifa namba 5 mnaijua. Hiyo ndiyo maabara yangu.

Siku moja pale pa kuchomekea chaja palilegea. Nikaipeleka kwa fundi huku Mulongwe. Alipoifungua, pembeni ya ile bamba la kijani niliona alama ndogo: herufi Pb ndani ya duara, zimekatwa kwa mstari. Nikamuuliza. Akajibu bila kuinua macho: "Ile inasema haina plomb. Njo maana sudire yake ni nguvu, inaomba moto mingi."

Plomb kwa Kiswahili ni risasi. Chuma laini kinachowekwa kwenye betri za gari, na kile kinachotoka kwenye bunduki, sisi tunakiita jina moja. Mtoto wa Mutarule hahitaji kufafanuliwa neno hilo.

Sasa historia yenyewe. Kwa miaka mingi vipande vya ndani ya kompyuta vilishikizwa kwa lehemu ya bati na risasi, asilimia 63 kwa 37. Mchanganyiko huo ni mzuri sana kwa kazi: unayeyuka kwenye nyuzi 183, unashika vizuri, hauvunjiki ovyo. Tatizo lilikuwa mwisho wa safari. Kompyuta zikitupwa jalalani, risasi inaweza kuingia kwenye maji, na risasi inaharibu akili za watoto. Kwa hiyo Januari 2003 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo linaloitwa RoHS: risasi, zebaki, kadmi na vitu vingine vitatu visiwemo tena kwenye vifaa vya umeme. Kuanza kutumika: Julai 1, 2006.

Hesabuni hiyo miaka. Viwanda vilipewa zaidi ya mitatu ya kujiandaa. Na bado wakubwa walipewa ruhusa maalumu: seva, mitambo ya kuhifadhi data na ya mitandao iliruhusiwa kuendelea na lehemu ya risasi, kwa sababu hakuna aliyekuwa na hakika kama lehemu mpya itavumilia miaka mingi bila kupasuka. Vifaa vya kijeshi havikuguswa. Mimi sioni ubaya hapo. Ukitaka kubadilisha kitu ambacho watu wanakitegemea, unauliza kwanza nani ataumia.

Sasa risasi ikitoka, nini kinaingia? Bati. Lehemu mpya iliyoenea sana ina bati asilimia 96.5, fedha 3 na shaba 0.5. Inayeyuka karibu nyuzi 217, ndiyo "moto mingi" wa fundi wetu. Yaani kanuni moja iliyoandikwa Brussels ilifanya kila kiungo ndani ya kompyuta kihitaji bati zaidi. Na bati linatoka kwenye kasiterite, ambayo vijana wetu wanachimba Walikale, Kalehe na Walungu. Nisiwadanganye: bati nyingi ya dunia inatoka China na Indonesia, si kwetu. Lakini bei ni moja kwa wote, na kati ya 2002 na 2004 ilipanda zaidi ya mara mbili, viwanda vya Asia vikinunua kwa nguvu. Watu waliacha jembe.

Mmoja wao ni yaya wangu. Mutarule hakuna shimo la madini, sisi ni watu wa muhogo, mpunga na ng'ombe. Yeye alipanda mpaka Nyabibwe, huko Kalehe, kwenye mlima unaoitwa Kalimbi. Minervali yangu ya sekondari ilitoka kwenye mlima ule, kilo kwa kilo.

Julai 2010 Marekani ikatia sahihi sheria ya Dodd-Frank. Kifungu chake cha 1502 kinataka kampuni zieleze kama bati, tantali, tungsteni na dhahabu zao zinatoka Kongo au kwa majirani, na kama zinalisha vita. Huku tuliiita sheria ya Obama. Sababu yake ilikuwa ya kweli. Pale Bisie, Walikale, askari wa serikali wenyewe walikuwa wanatoza wachimbaji. Lakini Septemba 2010 Rais Kabila alisimamisha uchimbaji wote Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Siku chache tu za taarifa. Hakuna ruhusa maalumu kwa mtu yeyote. Yaya alirudi na begi moja, na mwaka ule nilitolewa darasani mara tatu.

Machi 2011 marufuku ikaondolewa, lakini kuanzia Aprili viyeyushio vingi vilikataa mzigo wa Kongo usio na vibandiko vya kuonyesha ulikotoka, na Kalehe vibandiko hivyo havikuwepo bado. Vilifika Kalimbi Oktoba 2012, kwa mradi uliobebwa na serikali ya Uholanzi pamoja na kampuni kama Philips na Motorola Solutions. Miaka miwili imepita. Yaya alikuwa ameshaoa na kurudi kwenye mpunga.

Kampuni za Marekani je? Kanuni za utekelezaji zilitoka Agosti 2012, na ripoti ya kwanza ilitakiwa Juni 2, 2014. Tena kubwa zilipewa miaka miwili, ndogo minne, ya kuruhusiwa kuandika kwamba hazijaweza kujua madini yao yalitoka wapi. Siku nne baada ya tarehe hiyo, usiku wa Juni 6, watu zaidi ya 30 waliuawa Mutarule. Wengi wenu mnalijua jina la kijiji chetu kwa ajili ya usiku ule tu. Mauaji yale hayakuwa ya madini, na hakuna fomu ya kompyuta iliyoyahusu.

Mwaka 2018 suala la madini ya vita liliingia pia kwenye kanuni ya IEEE 1680.1, ile iliyokuwa ikitumiwa na orodha ya EPEAT kupima kompyuta. Si kitu kidogo: mwaka 2007 ofisi za serikali ya Marekani ziliamriwa asilimia 95 ya ununuzi wao wa vifaa vinavyohusika itoke kwenye orodha hiyo. Mnunuzi wa ofisi ana sauti. Mchimbaji wa Kalimbi anaipata habari ikishaamuliwa.

Turudi Mulongwe. Fundi alinionyesha waya mbili za lehemu. Moja haina risasi, ni ghali na inasumbua. Nyingine ni ile ya zamani, 63 kwa 37, bado inauzwa sokoni. "Ya zamani inashika muzuri," akasema. Nikamwambia aweke hiyo. Alimaliza kwa dakika kumi, nikalipa, nikaenda zangu. Pb iliyokatwa kwa mstari bado imo mle ndani, karibu kabisa na pale alipolehemu.