Somo la Historia Chini ya Kilima cha Chetambe

Mwanafunzi wa Kidato cha Pili anayesoma Webuye hukutana na Wabukusu katika sura inayohusu kuwekwa kwa utawala wa kikoloni nchini Kenya. Wamo katika orodha ya jamii zilizowapinga Waingereza kwa silaha, pamoja na Wanandi, Wagiriama na Wasomali; Wawanga wa Nabongo Mumia na Wamaasai wamewekwa upande wa walioshirikiana nao. Chini ya kila jina kuna sababu, kisha matokeo, nazo hukaririwa tano tano kwa kuwa ndivyo mtihani unavyouliza. Kilima cha Chetambe, ambako sehemu ya vita vya Wabukusu na Waingereza ilipiganwa mwaka 1895, kinaonekana kutoka mjini. Mtu anaweza kulalamika kwamba wanafunzi hawapelekwi huko, lakini kasoro yenyewe imezama zaidi ya safari. Yaliyomo kitabuni yalipatikana kwa kuuliza, kupima na kubishana, kisha yakafika darasani yakiwa yamevuliwa maswali yote.

Watu wa sehemu hizi walifundishana historia kabla ya kuwapo darasa lolote, na walikuwa na vifaa vyao. Cha kwanza kilikuwa kalenda ya rika. Tohara ya Wabukusu hufanyika Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, na waliotahiriwa huingia katika mojawapo ya marika manane: Bakolongolo, Bakikwameti, Bakananachi, Bakinyikeu, Banyange, Bamaina, Bachuma na Basawa. Mzunguko mzima huchukua takriban miaka 100, kisha majina hurudi. Ndani ya rika moja, kila kundi la waliotahiriwa pamoja huitwa kwa tukio la wakati wao, iwe njaa, nzige au vita. Anayejua rika la babu yake na jina la kundi lake ana tarehe mkononi, hata kama hakuiandika. Cha pili ni kumuse, hotuba inayotolewa baada ya maziko ya mzee mwenye hadhi. Msemaji hutembea uwanjani akisimulia asili ya watu, safari zao kutoka mahali wanapopaita Misri, vituo walivyopitia, koo zilivyogawanyika na vita vilivyopiganwa, kisha huwageukia walio hai na kuwakemea. Manguliechi, aliyekuwa bingwa wa fani hiyo, alijulikana Bungoma nzima.

Haifai kuipamba mbinu hii kupita kiasi. Jina la rika linalorudi baada ya karne moja linaweza kumchanganya mtu: Mmaina anayetajwa katika simulizi ni wa mzunguko upi? Msemaji wa kumuse naye hakatizwi, na wasikilizaji hawainui mikono kuuliza. Hata hiyo Misri inayotajwa inahitaji kuchunguzwa, maana Biblia ilifika Bungoma mapema, na simulizi huchota maji kwenye visima vingi. Kwa hiyo mila iliwapa watu wakati, mahali na kumbukumbu. Haikuwapa nafasi pana ya kumhoji msimulizi.

Shule za misheni hazikuileta nafasi hiyo. Kanisa la Marafiki lilifika Kaimosi mwaka 1902 na baadaye likawa na kituo Lugulu, karibu na Webuye. Wakatoliki nao wakajenga vyao. Historia iliyofundishwa ilikuwa ya wavumbuzi, wamisionari na ufalme wa Uingereza. Ya kwetu ilibaki nje ya ukuta, na huko nje ilikuwa na nguvu ya kuitia serikali hofu. Mwaka 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, na wafuasi wake walikusanyika kwenye uwanja wa vita vya 1895 kuwakumbuka waliouawa humo. Tarehe 10 Februari 1948 polisi walifyatulia umati risasi kule Malakisi, wakaua watu 11, na dini hiyo ikapigwa marufuku. Tunaweza kubishana kuhusu Masinde mpaka kesho, lakini alichofanya kwenye uwanja ule kilikuwa somo la historia, na wakoloni walilielewa vizuri kuliko wakaguzi wengi wa elimu.

Mabadiliko makubwa yalikuja na mwanahistoria Gideon Were. Katika miaka ya 1960 alizunguka Magharibi mwa Kenya akiwahoji wazee, akalinganisha masimulizi ya ukoo mmoja na ya mwingine, akatumia nasaba na marika kukadiria miaka. Mwaka 1967 alichapisha historia ya Abaluyia pamoja na mkusanyiko wa masimulizi yenyewe, ili msomaji aweze kumsahihisha. Mwaka 1968, yeye na Derek Wilson wakatoa kitabu cha shule kuhusu miaka elfu ya Afrika Mashariki, nacho kilisomwa na vizazi vya wanafunzi. Mtu yule yule aliyekwenda kwa wazee na maswali ndiye aliyesaidia kuandika kitabu cha darasani, ila kitabu cha darasani kilibeba matokeo tu. Mkusanyiko wa masimulizi ukabaki kwenye maktaba za vyuo vikuu. Sidhani alikusudia hivyo. Shule za baada ya uhuru zilihitaji vitabu haraka, na jibu lililokamilika huchapwa upesi kuliko ubishi.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, ufa huo kati ya uchunguzi na darasa ulipanuka. Silabasi ya Historia na Serikali hufunguliwa kwa mada ya vyanzo vya historia: masimulizi, mabaki ya kale, maandishi. Mwanafunzi hujifunza faida na udhaifu wa kila chanzo, huvitaja katika mtihani, halafu miaka minne inakwisha bila yeye kushika chanzo hata kimoja. Mtaala wa umilisi unaochukua nafasi ya mfumo huo unamtaka mwanafunzi achunguze mwenyewe, jambo linalofaa kushangiliwa. Lakini uchunguzi ukigeuka mradi wa kubandika picha kwenye manila, tutakuwa tumebadilisha jina la kukariri.

Chetambe ingeweza kufundishwa vipi? Anza na C. W. Hobley, aliyekuwa ofisa kule Mumias na kuongoza msafara wa 1895 akiwa na askari wa Kisudani na wasaidizi wa Kiafrika. Kumbukumbu zake, alizochapisha mwaka 1929, ni ushahidi wa mshindi anayejitetea. Kitabu cha shule kinasema waliopigana naye ni Wabukusu. Ukipanda kilima utakuta Watachoni wanaosema Chetambe alikuwa mzee wao, na kwamba damu iliyomwagika pale ilikuwa yao pia. Basi ngome ilikuwa ya nani? Handaki linaloizunguka lina umbo gani likilinganishwa na ngome nyingine za udongo za eneo hili? Kwa nini Hobley hakuona haja ya kutofautisha? Hapo mwanafunzi ameanza kazi ya mwanahistoria, na hajatoka eneo la kwao.

Walimu watasema muda hautoshi na nauli haipo. Nauli si kikwazo kikubwa kama inavyodhaniwa. Makumbusho ya Kitale, yaliyokua kutokana na mikusanyo ya mlowezi Stoneham, yanastahili kutembelewa, lakini ushahidi mwingi umelala nyumbani kwa wanafunzi. Kiwanda cha karatasi cha Panpaper kilianza uzalishaji mwaka 1974 na kufungwa mwaka 2009. Nyumba nyingi za Webuye zina mtu aliyefanya kazi pale, hati ya mshahara, picha ya chama cha wafanyakazi, au bati lililoliwa na moshi wake. Mada ya maendeleo ya viwanda inaweza kufundishwa kwa hayo. Kuhusu muda, hoja ni nzito zaidi, na siwezi kuiondoa kwa maneno. Mada moja kwa muhula ikifundishwa hivi, nyingine zitapita haraka. Nakubali gharama hiyo.

Pingamizi kubwa ni la ukabila. Trans Nzoia na Mlima Elgon ziliona mapigano mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Mlima Elgon tena kati ya 2006 na 2008, chanzo kikuu kikiwa ardhi. Kuwapa vijana historia ya nani alikuwa wapi kwanza, wasema wenye hofu, ni kumwaga petroli. Hofu hiyo ni ya haki, lakini inaelekea upande usiofaa. Historia ya nani alitangulia tayari inafundishwa, majukwaani na kwenye vilabu vya busaa, bila mtu wa kuipima. Vyanzo vyenyewe huivuruga. Mwaka 1895 Wawanga walikuwa upande wa Hobley, Wabukusu upande wa pili, na jina la Waluhya linalowaunganisha leo lilishika mizizi miaka ya 1930 na 1940. Mtihani unaweza kuyafanyia kazi hayo: weka maelezo ya Hobley kando ya simulizi ya mzee Mtachoni kuhusu vita vile vile, mtake mtahiniwa aonyeshe yanapopishana na aeleze ni nani alinufaika kwa kusimulia hivyo, kisha mpe alama kwa hoja yake, hata kama hakufikisha sababu tano.