Desemba ya Kilimanjaro na kazi za kujitolea makanisani

KILA ifikapo katikati ya Desemba, barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi hubadilika sura. Mabasi huondoka yakiwa yamejaa, nauli huwa gumzo, na mamlaka zinazosimamia usafiri hulazimika kutoa vibali vya muda kwa magari ya ziada. Treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi, iliyokuwa imesimama kwa zaidi ya miaka 20, ilirejeshwa Desemba 2019, na wala hakuna aliyeuliza kwa nini mwezi huo. Wenye utani husema Wachaga wanakwenda kuhesabiwa.

Habari za safari hiyo, za mbuzi wanaochinjwa na mbege inayopikwa, zimeandikwa sana. Kisichoandikwa mara nyingi ni kazi inayofanyika mlimani kabla mgeni wa kwanza hajashuka Himo au stendi ya Moshi, na ile inayobaki baada ya basi la mwisho kuondoka. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika makanisani, bila malipo, na kwa kiasi kikubwa hufanywa na watu wale wale mwaka hadi mwaka. Makala haya yanaeleza jinsi inavyopangwa, na mahali ambapo mtu aliyerudi nyumbani kwa sikukuu anaweza kuongeza mikono.

Chimbuko lake

Ukristo uliingia Kilimanjaro katika muda wa miaka michache. Waanglikana walifika Moshi mwaka 1885 na kuondoka mwaka 1892. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Kilema mwaka 1891 na ya Kibosho mwaka 1893. Walutheri wa Leipzig, Ujerumani, walianza Machame mwaka huo huo wa 1893, kisha Mamba mwaka 1894 na Old Moshi mwaka 1896. Hadi leo ramani ya makanisa ya mlimani inaonyesha alama za miaka hiyo: kuna maeneo ambayo karibu kila nyumba ni ya Kilutheri, na jirani yake yale ambayo karibu kila nyumba ni ya Kikatoliki.

Lakini kazi ya pamoja haikuletwa na wamisionari. Mifereji inayoshusha maji kutoka msituni hadi kwenye vihamba, ambayo Wachaga huiita mifongo, ilichimbwa na kutunzwa na koo kwa nguvu za pamoja kabla ya kanisa la kwanza kujengwa. Kila aliyetumia maji alidaiwa siku za kazi. Mmisionari aliyelitazama jambo hilo kwa makini kuliko wengine alikuwa Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kuondoka mwaka 1938, akitumikia kwa muda mrefu Old Moshi. Gutmann alishikilia kwamba Mchaga anayebatizwa asing'olewe katika ukoo wake, ujirani wake na rika lake, bali usharika ujengwe juu ya vifungo hivyo hivyo. Hata vijana wa kipaimara aliwapanga katika vikundi vya kusaidiana. Wapo waliomlaumu kwamba aliupenda mno Uchaga wa zamani na kuiogopa miji. Lawama hiyo ina uzito wake, lakini ni miji hiyo hiyo iliyokuja kuwachukua wajukuu wa waumini wake.

Nani hufanya nini

Katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), ambalo Dayosisi yake ya Kaskazini ina makao yake makuu Moshi mjini, usharika hugawanyika katika mitaa, na mitaa katika vikundi vya ibada za nyumba kwa nyumba. Kwa upande wa Kanisa Katoliki, Jimbo la Moshi lina parokia zenye vigango, na chini ya vigango ziko jumuiya ndogondogo. Majina yanatofautiana, lakini utendaji unafanana sana. Kikundi cha kaya chache zinazofahamiana ndicho kinachojua ni nani anaumwa, nani hana kuni na nani hajaonekana Jumapili mbili.

Kazi huanza na Majilio, Jumapili ya nne kabla ya Krismasi. Wazee wa kanisa, au viongozi wa jumuiya, hugawa zamu. Wapo wanaofagia na kufyeka nyasi za uwanjani na makaburini, wanaopaka chokaa, wanaoazima viti na maturubai kwa ajili ya watu watakaokaa nje, kwa kuwa kanisa linalotosha mwaka mzima halitoshi tarehe 25. Mvua za vuli mara nyingi huwa zimekwisha kuharibu njia za kupandia, na hapo huitwa msaragambo: kila kaya hutoa mtu na jembe, mitaro huzibuliwa, mawe hujazwa kwenye makorongo. Magari mazuri yanayofika salama mlangoni kwa bibi hupita juu ya mawe hayo, ingawa ni madereva wachache wanaojiuliza yaliwekwa na nani.

Kisha kuna waimbaji. Kwaya hufanya mazoezi karibu kila jioni, na katika sharika nyingi za Kilutheri wapo pia wapiga tarumbeta, urithi wa Wajerumani ambao Wachaga wameufanya kuwa wao. Watoto hufundishwa maigizo ya kuzaliwa kwa Yesu na walimu wa shule ya Jumapili, ambao nao hawalipwi. Mtu aliyewahi kujaribu kumfundisha mtoto wa miaka sita kuwa mchungaji wa kondoo bila kucheka mbele ya watu ataelewa kwamba hiyo nayo ni kazi.

Ratiba ya sikukuu zenyewe ni nzito. Kuna ibada au misa ya mkesha tarehe 24, Krismasi yenyewe, tarehe 26 ambayo sharika nyingi huitumia kwa ubatizo wa watoto kwa sababu wazazi na wasimamizi wamerudi, kisha ndoa na shukrani za familia hadi mkesha wa mwaka mpya. Kila mojawapo inahitaji watu wa kupokea wageni, kupanga magari, kuhesabu sadaka, kuteka maji na kuosha vyombo. Ukiangalia kwa makini nyuma ya jengo, utaona kwamba wanaoosha vyombo ni wanawake wenye umri mkubwa, na kwamba ndio hao hao waliofagia juzi.

Mnada wa baada ya ibada

Hapana budi kutua kidogo kwenye mnada, kwa kuwa ndipo wanaorudi na wanaobaki hukutana. Muumini asiye na fedha huleta alichonacho: mkungu wa ndizi, jogoo, mayai, debe la mahindi, maziwa. Baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa nje ya kanisa. Mnadi hodari huwajua watu kwa majina, kwa ukoo na kwa kazi wanazofanya mjini, na hana huruma. Mkungu ambao sokoni Mbuyuni ungeuzwa kwa bei ya kawaida hupanda mara tatu au nne, aliyeununua huurudisha unadiwe tena, na watu hucheka na kupiga makofi. Mwandishi wa makala haya amewahi kuulipia mkungu mmoja mara mbili asubuhi moja na kurudi nyumbani bila ndizi.

Mnada ni jambo jema. Fedha zake zimeezeka mapaa na kujenga madarasa, na heshima ya mjane aliyeleta mayai matano haipungui mbele ya mwenye gari. Lakini katika miaka ya karibuni umeanza kubeba mzigo usio wake. Kwa wengi waliorudi, kununua mnadani au kutoa ahadi kwenye harambee kumekuwa ndiyo huduma yote ya mwaka. Fedha huachwa mlimani na mikono hurudi Dar es Salaam. Fedha haiwezi kumgeuza mgonjwa kitandani.

Hilo si suala la hisia tu. Kwa mujibu wa sensa, Mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu 1,640,087 mwaka 2012 na 1,861,934 mwaka 2022, ongezeko la takriban asilimia 13.5 wakati nchi nzima iliongezeka kwa takriban asilimia 37. Vijana wanaondoka, kwani kihamba kilichogawanywa vizazi vitatu au vinne hakiwezi kuwalisha wote. Matokeo yake ni nyumba nzuri za matofali, nyingine za ghorofa, zinazokaliwa na mzee mmoja na msichana wa kazi, au zilizofungwa kabisa hadi Desemba nyingine.

Mahali mikono inapohitajika

Anayetaka kujitolea katika msimu huu aanze kwa kumwona mzee wa kanisa wa mtaa wake au mwenyekiti wa jumuiya, tena mapema. Siku tatu kabla ya tarehe 24 ndizo zenye kazi nyingi na watu wachache, kwa sababu wengi hufika tarehe 23 usiku. Anayefika tarehe 20 akiwa tayari kushika jembe au fagio ana thamani kubwa.

Kazi ya pili ni kuwatembelea wazee na wagonjwa wasioweza kufika kanisani. Mchungaji au padre huwapelekea chakula cha Bwana majumbani, lakini hawezi kufika kila nyumba, na njia nyingine hazipitiki kwa gari. Anayefuatana naye, au anayetangulia kuandaa, hurahisisha kazi hiyo. Mzee wa miaka 80 kwa kawaida hahitaji pakiti ya sukari kwanza. Huhitaji mtu wa kukaa naye saa nzima, kumkatia kuni na kusikiliza habari ambazo jirani zake wamezichoka.

Mjini Moshi, vikundi vya makanisa huwatembelea wagonjwa katika hospitali za Mawenzi na KCMC, pamoja na wafungwa wa Gereza la Karanga. Gerezani haiendwi kiholela. Kibali huombwa mapema kwa mkuu wa gereza, na vitu vinavyopelekwa hukaguliwa. Katika vituo vya kulelea watoto, ni vyema kuuliza kwanza kama kituo kimesajiliwa na ustawi wa jamii, na kuiacha kamera nyumbani.

Jambo moja husahaulika kila mwaka, nalo ni damu. Wanafunzi wa sekondari ni miongoni mwa wachangiaji wakubwa wa damu nchini, na Desemba shule zimefungwa, wakati ajali za barabarani zikiongezeka. Mtu mwenye afya njema, mwenye umri wa kati ya miaka 18 na 65 na uzito usiopungua kilo 50 anaweza kuchangia, mwanamume kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya miezi minne. Usharika unaoweza kukusanya watu mia tano kwa mnada hauwezi kukosa ishirini wa kukunja mkono wa shati.

Wageni kutoka nje, hasa wale wanaokuja kupanda mlima na kutamani kubaki wiki mbili wakifundisha au kuuguza, wafahamu kwamba viza ya utalii hairuhusu kazi ya kujitolea. Kibali kinachohitajika ni cha ukaazi cha daraja C, na shirika au kanisa linalowapokea ndilo linalopaswa kuwaongoza.

Upatanisho

Ipo huduma nyingine isiyopangiwa zamu. Desemba ni mwezi wa vikao vya ukoo, na katika vikao hivyo hufufuka magomvi ya mipaka ya vihamba, ya urithi wa mabinti, ya nani alimuuguza baba na nani aliuza ng'ombe. Kimila, anayeomba radhi hutanguliza sale, jani la mmea ule ule unaopandwa mipakani, na anayeletewa sale huona vigumu sana kukataa kusikiliza. Mara nyingi wazee wa kanisa huitwa kukaa katikati. Hawalipwi posho, huketi hadi usiku, na wakati mwingine huondoka wakiwa wamelaumiwa na pande zote mbili. Ndugu wakipatana tarehe 28, mama yao huwa na watu wawili wa kumpigia simu Februari badala ya mmoja. Wakiachana kwa hasira, mzigo wa mama huyo huangukia jumuiya.

Baada ya sikukuu

Ifikapo Jumapili ya kwanza ya Januari wengi wameshaondoka, kwa kuwa shule na ofisi zinafunguliwa. Kwaya imepungua sauti, hasa za kiume. Maturubai yanafunguliwa na kurudishwa kwa wenyewe, na kwenye matangazo husomwa majina ya wagonjwa na wazee watakaotembelewa katika juma, pamoja na kaya zitakazowahudumia.

Asiyeweza kubaki bado ana la kufanya. Anaweza kumwachia mwenyekiti wa jumuiya namba yake ya simu, ili hali ya mzazi wake ikibadilika asiwe wa mwisho kuarifiwa. Anaweza kukubaliana na ndugu zake ni nani atapanda Machi na nani Agosti, badala ya wote kufika kwa pamoja Desemba. Na kama atatoa fedha za matunzo ya mzee, zipitie kwa mhazini na stakabadhi ikatwe, kwani mama anayepanda mteremko kila asubuhi na chupa ya uji hapaswi kuulizwa fedha zimekwenda wapi.