Bibi, khanga ya zambarau na kadi ya Shirley: nani aliamua rangi ipi ya picha ni sahihi?

Mwaka jana nilikwenda Mbwara, kwetu Rufiji, kumsalimia bibi mzaa mama. Safari ya kabla ya hapo nilikuwa nimempiga picha asubuhi mbele ya nyumba, kakaa kwenye mkeka, kajifunga khanga yake ya zambarau anayoipenda. Kamera niliazima kwa rafiki chuoni. Kwenye kioo cha kamera picha ilikuwa safi kabisa. Nikaichapisha kwenye stesheneri moja njiani, saizi ya A4, karatasi ya kung'aa, na fremu juu yake. Kijana wa dukani akanikabidhi kwa furaha: "Bibi nimemng'arisha kidogo, hiyo bure."

Nilipofika, baada ya shikamoo na marahaba, nikampa zawadi yake. Bibi akaichukua, akatoka nayo mlangoni kwenye mwanga, akaitazama kwa muda.

"Mjukuu wangu, huyu marehemu ni nani?"

Tulicheka sote, lakini yeye hakucheka sana. Sura ilikuwa ya kijivu, imeingia ukijani kwa mbali, kama mtu aliyelala hospitali mwezi mzima. Kisha akagusa khanga kwenye picha kwa kidole: "Khanga yangu zambarau. Hii buluu." Na kabla sijajitetea akaongeza: "Siku nikiondoka, ndiyo mtakayoiweka ukutani hii?"

Bibi hana picha nyingi. Ana ya kitambulisho, ana moja ya harusi ya mama ambayo imeliwa na unyevu, basi. Kwa hiyo swali lake halikuwa la urembo. Nikarudi Dar na fremu yangu mkononi, nikaanza kuulizia: hivi kosa lilikuwa wapi? Kumbe jibu lina sehemu mbili. Moja ni ya wino. Nyingine ni ya kihistoria, na ina miaka mingi kuliko mimi.

Printa haijui rangi

Tuanze na jambo la msingi. Printa haijui "kahawia" wala "zambarau". Inapokea namba na kudondosha matone ya wino: sayani, majenta, njano na nyeusi. Namba ileile ikiingia kwenye printa mbili, au kwenye printa moja yenye karatasi mbili tofauti, inatoa rangi mbili tofauti. Karatasi moja inanyonya wino sana, nyingine kidogo. Wino wa kampuni hii si sawa na wa kampuni ile.

Ni kama mizani ya sokoni. Sindano inaweza kusoma kilo moja wakati kwenye sahani pana gramu 900. Ndiyo maana Wakala wa Vipimo hupita na mawe yenye uzito unaojulikana, wakaipima mizani yenyewe. Kuisawazisha printa, au kufanya kalibresheni, ni kazi ya namna hiyohiyo: unaipa kitu kinachojulikana, unapima ilichotoa, unarekebisha tofauti.

Swali la historia ni hili: katika picha, jiwe la kilo ni lipi? Na nani alilichonga?

Jiwe la kwanza: jicho la fundi

Enzi za picha nyeusi na nyeupe, jiwe lilikuwa jicho la fundi mwenyewe. Chukua Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Katika studio za aina hiyo, mtu aliyekupiga picha ndiye aliyeisafisha gizani na kuichapa. Alikuona ukiingia mlangoni. Kama uso umetoka mweusi mno kwenye karatasi, alizuia mwanga kwa mkono sekunde chache sehemu ya uso, akachapa tena. Kama umetoka mweupe mno, aliongeza. Kipimo kilikuwa mteja aliyekaa pale kwenye kiti.

Rangi zilipotakiwa, mara nyingi zilipakwa kwa mkono juu ya picha. Na hapo ndipo umbali ulianza kuleta shida. Postikadi nyingi za pwani yetu za mwanzoni mwa karne ya 20 zilichapwa Ulaya. Mpaka rangi aliyeko kule, ambaye hakuwahi kukanyaga Forodhani, angejuaje rangi ya khanga au ya uso? Alikisia. Kumbuka hili, tutalirudia: rangi inapochapwa mbali na mwenye uso, lazima mtu akisie, au awe na kielelezo.

Jiwe la pili: Shirley

Filamu ya rangi ilianza kuwafikia watu wa kawaida kwa Kodachrome mwaka 1935 na Kodacolor mwaka 1942, zote za Kodak. Mwanzoni huko Marekani ulikuwa ukinunua filamu umeshalipia na kusafishwa kwake, na Kodak yenyewe ndiyo iliyosafisha. Mwaka 1954 kampuni hiyo ilifikia makubaliano na serikali ya Marekani katika kesi ya ushindani wa biashara, na maabara nyingine zikapata nafasi ya kufanya kazi hiyo. Sasa maabara zote hizo zitatoaje rangi zinazofanana? Zilihitaji kielelezo.

Kielelezo kikawa kadi yenye picha ya mwanamke. Wa kwanza alikuwa mfanyakazi wa Kodak aliyeitwa Shirley Page, na ingawa baadaye walipigwa wanawake wengine, kadi ziliendelea kuitwa "Shirley". Fundi wa maabara alichapa negativu ya Shirley, akailinganisha na kadi, akazungusha vichujio vya majenta, njano na sayani hadi uso ufanane. Uso ukikaa sawa, mashine imesawazishwa. Tatizo unaliona: Shirley alikuwa mwanamke mweupe, na kwa miongo kadhaa wote waliomfuata kwenye kadi hizo walikuwa hivyohivyo.

Hebu tuingie kidogo kwenye sayansi, maana hapa watu wengi hudhani ni suala la nia mbaya tu. Filamu ya rangi ina tabaka tatu, moja kwa kila rangi ya msingi. Mwanga ukiwa wa kutosha, tabaka zote hupanda pamoja, na rangi hutulia. Mwanga ukiwa mdogo, kila tabaka huwa na tabia yake, moja hutangulia na nyingine hubaki nyuma. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kidogo kuliko nyeupe, kwa hiyo huangukia eneo hilo la chini. Ukisawazisha mashine kwa uso mweupe peke yake, unapata uhakika wa eneo la juu tu. Eneo la chini, lenye sura zetu, limeachwa lijitegemee. Matokeo yake mnayajua wenye albamu za zamani nyumbani: meno na macho yanaonekana, uso umepotea, au umeingia ukijani.

Je, ilikuwa haiwezekani kurekebisha? Iliwezekana. Mtafiti Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Kanada, alihoji watu waliofanya kazi Kodak na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Wazazi wa Marekani walikuwa wamelalamika kuhusu picha za shule ambapo watoto weusi walipotea pembeni ya wenzao weupe. Lakini kilichoisukuma kampuni kushughulikia rangi za kahawia, kwa maelezo aliyopewa Roth, ni malalamiko ya watengenezaji wa samani za mbao na wa chokoleti. Mninga na mkongo wakitoka na rangi moja kwenye tangazo, mteja hanunui. Yaani kabati lilisikilizwa kabla ya mtoto. Filamu iliyoboreshwa ilipokuja, ilisifiwa kwamba inaweza kunasa sura ya farasi mweusi kwenye mwanga hafifu. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990.

Maabara za picha za rangi zilipofika kwenye miji yetu, hazikuja mikono mitupu. Zilikuja na mashine, karatasi, kemikali na mawe yao ya kilo. Fundi wa Dar au Mombasa aliyetaka sura za wateja wake zitoke vizuri ilibidi ajifunze kwa macho yake jinsi ya kuikosoa mashine.

Jiwe la tatu: namba

Sasa tusimlaumu kila mtu. Kulikuwa na njia nyingine inayokwenda sambamba na hiyo, nayo ni ya kuaminika zaidi. Mwaka 1931 tume ya kimataifa ya mwanga, CIE, ilipitisha mfumo wa kuiandika rangi kwa namba. Msingi wake ni majaribio ya Waingereza wawili, W. David Wright na John Guild, waliowaweka watu gizani na kuwaomba walinganishe taa za rangi. Wright alitumia watu 10, Guild watu 7. Macho ya watu 17! Rangi zote za simu yako na printa ya mtaani kwenu zinarudi kwa hao 17.

Utaniambia: si ni yaleyale ya Shirley? Hapana, na tofauti hii ndiyo kiini cha habari yangu. Watu wasio na upofu wa rangi, wa Rufiji na wa London, huona rangi kwa namna inayokaribiana sana. Kwa hiyo kipimo cha macho kilitufaa sote. Shirley hakuwa kipimo cha macho. Alikuwa uchaguzi wa kitu gani kipimwe, na uchaguzi hufanywa na watu.

Mfano mzuri ni wa mwaka 1976, ilipotolewa kadi ya rangi ya ColorChecker yenye viraka 24, inayotumika hadi leo. Kiraka namba 1 ni ngozi nyeusi. Namba 2 ni ngozi nyeupe. Kwa hiyo wakati maabara za biashara zikiendelea na Shirley, wapo waliojua kwamba lazima upime pande zote mbili. Elimu ilikuwepo. Haikuwekwa kila mahali.

Mwaka 1993 kampuni nane za kompyuta na picha ziliunda ICC, chombo kilichoweka muundo mmoja wa faili linaloitwa profaili. Profaili ni kama mkalimani: inasema, "printa hii, kwa wino huu na karatasi hii, ukitaka kahawia ile mpe namba hizi."

Tulivyomrudishia bibi uso wake

Rafiki yangu anafanya kazi ya uchapaji Dar, na ana kifaa cha kupimia rangi, spektrofotomita. Nilipomwonyesha fremu akauliza khanga ni rangi gani kwa kweli. Nikamwambia zambarau. Akasema: "Bibi ameshatupa jibu. Majenta ilikuwa haitoki."

Fikiria mwenyewe. Zambarau ya kuchapwa ni sayani na majenta. Punguza majenta, inabaki buluu. Kahawia ya ngozi nayo inahitaji majenta na njano. Punguza majenta, inaingia ukijani. Kosa moja, dalili mbili. Huenda tundu za majenta ziliziba, au wino wa kujazia haukuwa unaofaa printa ile. Juu yake kukawa na ule "ung'arishaji" wa bure, uliovuta uso juu hadi ukawa kijivu. Simlaumu yule kijana. Hakuna aliyempa jiwe la kilo, na wateja wengi wanamwomba awang'arishe.

Tukachapa upya, hatua kwa hatua. Kwanza tulipima kama tundu zote zinatoa wino. Pili tulizima marekebisho ya printa yenyewe, kwa sababu programu na printa zikisahihisha zote mbili, rangi inasahihishwa mara mbili na kuharibika. Tatu tulichapa jedwali la viraka mamia, tukaongeza viraka vya kahawia nzito, maana majedwali ya kawaida huwa navyo vichache. Nne tuliliacha likauke hadi kesho yake; wino mbichi hubadilika rangi. Tano tukapima kila kiraka na kutengeneza profaili. Tofauti kati ya rangi tuliyoitaka na iliyotoka hupimwa kwa namba inayoitwa delta E. Ikiwa karibu 1, jicho linaiona kwa shida. Mwisho tukachapa picha ya bibi bila kumng'arisha, na kuitazama mchana karibu na dirisha. Usikague picha chini ya taa ya dukani: rangi mbili zinazofanana pale zinaweza kutofautiana ukitoka nje. Bibi aliyebeba fremu mlangoni alifuata kanuni za wataalamu bila kufundishwa na mtu.

Kiswahili chetu kina maneno ya ngozi: maji ya kunde, mweusi tii, na mengine kati yake. Anayesema "maji ya kunde" ameshaona tofauti ambayo kadi ya Shirley haikuwa na mahali pa kuiweka. Kazi yetu ni kuhakikisha mashine tunazonunua zinaijua pia.

Ukienda kuchapa picha, nakuomba mambo matatu. Uliza kama wanatumia profaili ya karatasi ile. Omba wasing'arishe uso. Na uende na kitu unachokijua rangi yake, hata kipande cha khanga, ukiweke kando ya picha nje ya duka.

Picha ya pili niliipeleka Mbwara mwenyewe. Bibi akatoka nayo mlangoni kama ile ya kwanza. Alianza na khanga, akaiita aliyoivaa siku ile kutoka ndani, akaziweka pamoja. Ndipo akautazama uso, kwa muda mrefu zaidi. Halafu akaniuliza kama naweza kumtolea nyingine, ya dada yake.