Nani anaruhusiwa kuweka chaja ya gari la umeme nyumbani?

Katika majimbo mengi ya Marekani, mwenye nyumba huruhusiwa kufanya kazi za umeme katika nyumba anayoishi, mradi achukue kibali na akubali kazi yake ikaguliwe. Hata hivyo, toleo la 2026 la Kanuni za Kitaifa za Umeme (NEC) limezua swali jipya kwa wenye magari yanayotumia umeme.

Kifungu cha 625, kinachohusu magari hayo, sasa kinaagiza kwamba vifaa vya kuchajia vinavyofungwa mahali pa kudumu viwekwe na mtu mwenye ujuzi unaostahili. Kanuni zinamweleza mtu huyo kuwa ni yule anayeelewa muundo na utendakazi wa vifaa husika, na aliyepokea mafunzo ya kutambua na kuepuka hatari zake. Leseni haitajwi. Hivyo basi, mwenye nyumba mmoja aweza kukubaliwa na mwingine kukataliwa.

Uamuzi ni wa mamlaka ya mahali anapoishi. NEC huchapishwa na NFPA, shirika lisilo la serikali, na hurekebishwa kila baada ya miaka mitatu. Haina nguvu ya kisheria hadi jimbo, kaunti au jiji liipitishe, na sehemu nyingi zingali zinatumia matoleo ya awali.

Msingi wa tahadhari hii ni jinsi gari linavyovuta umeme. Birika la umeme hutumika kwa dakika chache. Gari huvuta umeme mwingi kwa saa kadhaa mfululizo, aghalabu usiku watu wakiwa wamelala. Kiungo cha waya kilicholegea hupata joto polepole na chaweza kuwasha moto ndani ya ukuta.

Kwa sababu hiyo, kanuni huhesabu matumizi hayo kuwa ya mfululizo, na hutaka saketi iweze kuhimili asilimia 125 ya umeme unaovutwa. Chaja ya ampea 40 huhitaji saketi ya ampea 50, na ya ampea 48 huhitaji ya ampea 60. Aidha, sharti ikadiriwe iwapo umeme unaoingia nyumbani unatosha. Usipotosha, mwenye nyumba huongeza uwezo huo au huweka kifaa cha kupunguza umeme unaoliendea gari wakati matumizi mengine yamepanda. Soketi ya kuchomekea chaja nayo huhitaji kinga inayokata umeme mara unapovuja.

Nchini Kenya, Sheria ya Kawi ya 2019 inataka kazi ya kuweka nyaya za umeme ifanywe na walioidhinishwa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA).

Kwa anayeishi Marekani, hatua ya kwanza ni kuuliza ofisi ya vibali ya eneo lake inatumia toleo gani la kanuni, na inamtambua nani kuwa mjuzi, kabla hajanunua chaja.