Wenyeji wa Mpakani Katika Vita vya 1914: Taita, Taveta na Kasigau

Mgeni anayesafiri leo kutoka Voi kwenda Taveta hupita katikati ya uwanja wa vita. Hapo ndipo ilipo Maktau, kisha Mbuyuni, kilima cha Salaita, na mwisho Latema na Reata karibu na mpaka wa Tanzania. Waongoza watalii humweleza habari za Jenerali Smuts wa Waingereza na za Paul von Lettow-Vorbeck wa Wajerumani. Humwonyesha makaburi ya Voi alikozikwa Luteni Wilbur Dartnell, Mwaustralia aliyetunukiwa Msalaba wa Victoria baada ya kufa karibu na Maktau tarehe 3 Septemba 1915, na hawakosi kumsimulia kuhusu mbuyu ambao inasemekana mwanamke wa Kijerumani alijificha humo akiwadungua askari wa Kiingereza. Ni masimulizi matamu, na yamewapatia riziki watu wa kaunti hiyo. Lakini Mtaita, Mtaveta na Mkasigau hawamo ndani yake, isipokuwa labda kama watu waliokuwa wakichungulia vichakani wakisubiri Wazungu wamalize ugomvi wao. Nashikilia kwamba picha hiyo ni ya uongo. Vita vya mpakani visingewezekana hata mwezi mmoja bila wenyeji. Ujuzi wao wa njia na maji ndio uliokuwa silaha ya kwanza ya pande zote mbili, na kwa sababu hiyohiyo ukageuka kuwa kosa lililowaponza.

Mpaka wenyewe haukuwa na umri wa miaka 30 vita vilipozuka. Waingereza na Wajerumani waliuchora kwa mapatano ya 1886, wakaukamilisha 1890. Mstari ulianzia pwani, mdomoni mwa mto Umba, ukapanda kuelekea kaskazini-magharibi, ukapinda kuuzunguka Kilimanjaro ili mlima ubaki kwa Wajerumani, kisha ukanyooka hadi Ziwa Victoria. Taveta ikaangukia upande wa Waingereza. Kabla ya hapo mji huo ulikuwa kituo cha mapumziko cha misafara iliyotoka Mombasa na Pangani kwenda Umasaini, mahali pa kununua chakula na kupata habari za njia. Wachaga waliteremka kuuza mazao yao, Wapare walivuka kando ya Ziwa Jipe, na huko chini pwani Wadigo walikuwa na ndugu zao pande zote mbili za Umba. Serikali mbili za kigeni zilidai kwamba hawa ni raia wa huku na wale ni raia wa kule. Wenyeji waliendelea kutembeleana, kuoana na kufanya biashara.

Uingereza iliingia vitani dhidi ya Ujerumani tarehe 4 Agosti 1914. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 15 Agosti, kikosi cha Kijerumani chini ya Kapteni Tom von Prince kiliiteka Taveta. Lengo la Wajerumani lilikuwa reli ya Uganda, iliyopita Voi na Tsavo kilomita mia na zaidi kutoka mpakani. Kati ya mpaka na reli kulikuwa na nyika kavu ya miiba, na mtu asiyejua maji yako wapi hufa humo kwa siku mbili tatu. Doria ndogo za Kijerumani zilipenya usiku zikiwa na baruti, zikalipua reli na kurudi. Baadhi hazikurudi; ziliangamizwa na kiu. Waingereza nao waliposogea mbele mwaka 1915 walijenga reli mpya kutoka Voi hadi Maktau na kuendelea, wakavuta maji kwa mabomba kutoka milima ya Bura ili jeshi lisife. Hapo ndipo uzito wa mwenyeji unapoonekana. Jeshi lenye mizinga, ndege na reli lilitegemea chemchemi za Wataita ili liishi siku moja zaidi. Na doria isiyokuwa na bomba ilitegemea mtu wa kuiambia maji yako nyuma ya jabali gani, na kama mwezi huu yamekauka au bado.

Kasigau inaonyesha gharama ya ujuzi huo. Mlima huo umesimama peke yake kusini mwa reli, juu ya nyika inayoelekea mpakani, na una maji. Yeyote aliyeushika aliweza kupumzika akiwa njiani kwenda kuvuruga reli. Waingereza waliweka kituo kidogo hapo, na mwaka 1915 Wajerumani wakakivamia. Walioshindwa walitafuta wa kulaumiwa. Wakasigau walituhumiwa kuwaonyesha Wajerumani njia, na adhabu haikumlenga aliyefanya kosa, kama alikuwapo. Iliwaangukia wote. Vijiji vilichomwa, na watu wazima kwa watoto wakahamishwa kwa nguvu hadi Malindi, kwenye joto na malaria ambayo watu wa mlimani hawakuizoea. Wengi walikufa huko. Waliosalia na watoto wao hawakuruhusiwa kurudi kwenye mlima wao hadi miaka ya 1930, yaani miaka mingi baada ya Ujerumani kupoteza makoloni yake yote na baada ya sababu yoyote ya kijeshi kutoweka.

Naomba msomaji azingatie mambo mawili katika kisa hiki. La kwanza ni kwamba adhabu haikuleta usalama uliodaiwa. Mwishoni mwa 1915, wenyeji wakiwa wamekwisha kuondolewa, Wajerumani walirudi kwa nguvu kubwa zaidi wakaukalia mlima huohuo. La pili ni mahali walikopelekwa. Wilaya ya Malindi ilikuwa imetoka kuumizwa mwaka uliotangulia. Wagiriama, ambao Mekatilili wa Menza aliwahamasisha kukataa kodi na kazi za lazima, walibomolewa makao yao matakatifu ya Kaya Fungo kwa baruti tarehe 4 Agosti 1914, siku ileile Uingereza ilipoingia vitani, na katika miezi iliyofuata wakapigwa, wakachomewa nyumba na kutozwa faini. Serikali iliyokuwa ikihofia kwamba wenyeji wangeungana na Wajerumani iliwachukua watu iliowashuku ikawaweka miongoni mwa watu iliokwisha kuwavunja. Wataalamu huandika Kasigau katika sura ya vita na Giriama katika sura ya upinzani dhidi ya ukoloni. Mimi naziona kuwa sura moja.

Je, tuhuma ya usaliti ilikuwa na ukweli wowote? Haifai kulikwepa swali hili. Huenda wapo walioongoza doria za Wajerumani, kama walivyokuwapo walioongoza za Waingereza. Lakini usaliti unahitaji kwanza kuwepo kwa utii unaodaiwa kihalali. Mkasigau wa 1915 alitawaliwa na Mwingereza kwa sababu ya mstari uliochorwa na watu wawili wasiowahi kumwona. Mjerumani mwenye bunduki akifika kijijini usiku kutaka maji, mwenyeji angemjibu nini? Na askari wa Mwingereza akifika asubuhi yake? Kumpa kila mmoja anachotaka ilikuwa njia ya kubaki hai, na hakuna mahakama ya haki inayoweza kuhamisha kabila zima kwa sababu hiyo.

Kwenye mwambao mambo yalikuwa tofauti kidogo, maana huko wapo waliochagua upande kwa sababu zao wenyewe. Mbaruk bin Rashid Mazrui wa Gazi alipigana na Waingereza 1895 na 1896, akashindwa, akakimbilia kwa Wajerumani. Vita vilipozuka, watu wa ukoo wake walikuwamo miongoni mwa waliovuka Umba pamoja na vikosi vya Kijerumani. Upande wa pili, Mwingereza Arthur Wavell, aliyewahi kufika Makka kwa kujifanya hujaji, aliunda kikosi cha Waarabu wa Mombasa, wengi wao wachukuzi wa maji wenye asili ya Hadhramaut. Kikosi hicho kililinda Gazi na Mwele, na Wavell akauawa Mwele mwezi Januari 1916. Yaani katika kipande hicho kidogo cha pwani Waislamu waliosali kibla kimoja walikabiliana kwa bunduki, na angalau kwa Mazrui ugomvi ulikuwa wa zamani kuliko ule wa wafalme wa Ulaya.

Pingamizi zito zaidi kwa hoja yangu ni la idadi. Mtu atasema: askari wa King's African Rifles walitoka Nyasaland, kwa Wanandi, kwa Wakamba na miongoni mwa Wasudani, Wataita waliovaa sare walikuwa wachache, kwa hiyo ushiriki wao haukuwa na maana kijeshi. Pingamizi hili linahesabu bunduki na kusahau migongo. Jeshi hilo lilikua hadi zaidi ya watu 30,000 mwishoni mwa vita, na kila bunduki ilihitaji wapagazi. Barabara hazikuwapo, na ndorobo waliua farasi na nyumbu. Afisa wa utawala Oscar Watkins ndiye aliyeunda kikosi cha wapagazi mwaka 1914, ambacho jina lake la Kiingereza tunalitamka hadi leo kuwa Kariakoo. Sheria ya 1915 ilihalalisha kuwachukua watu kwa lazima, na mwaka 1917 John Ainsworth alisimamia msako mkubwa zaidi kupitia machifu na wazee wa vijiji. Kutoka Kenya pekee walichukuliwa zaidi ya watu 150,000. Mzigo ulikuwa kilo 25 hivi. Chakula kilikuwa unga wa mahindi, mara nyingi umepikwa haraka na haujaiva, kwa watu ambao wengine hawakuzoea mahindi kabisa. Kuhara damu na homa ya mapafu viliua wengi kupita risasi. Takwimu za Waingereza wenyewe zilihesabu vifo vya wapagazi kwa makumi ya maelfu, na hizo ni zile zilizoandikwa.

Wapo watakaosema kwamba aliyelazimishwa hakushiriki, aliteswa tu. Naelewa nia njema ya kusema hivyo, lakini kipimo hicho tukitumie kwa wote. Kuanzia 1916 Waingereza wenyewe walikuwa wakipelekwa mitaroni Ufaransa kwa sheria ya lazima, na majina yao yamechongwa karibu katika kila kijiji cha kwao bila mtu kuuliza kama walipenda kwenda. Kulazimishwa hakufuti kazi iliyofanyika. Kunaongeza deni tu. Na deni hilo lilikataliwa kwa maandishi: mishahara ya wapagazi waliokufa au kupotea bila kulipwa ilidaiwa kwa miaka mingi baada ya vita, Watkins mwenyewe akiwa miongoni mwa waliodai, na serikali ya London ikakataa kuitoa.

Kuhusu makaburi, kusahauliwa kwao kumekwisha kukiriwa na wahusika. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti Aprili 2021 na kuomba radhi. Ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam zinawaheshimu kwa jumla, bila jina hata moja. Makaburi ya Taveta, Voi na Maktau yanatunzwa vizuri, na nyasi zake hukatwa. Wataita waliobeba maji na risasi za waliozikwa hapo hawana jiwe.

Serikali ya Kaunti ya Taita Taveta, ambayo imetumia historia hii kuvuta watalii, ina uwezo wa kuanza mahali ambapo hapahitaji kibali cha London. Koo za Kasigau bado zinajua nani alipelekwa Malindi, nani alizikwa huko na nani alirudi, ingawa wanaolijua hilo kwa kusimuliwa na wazazi wao wanazidi kupungua. Kaunti na Makumbusho ya Taifa ya Kenya ziwatume watafiti wakayaandike majina hayo, kijiji kwa kijiji, Kasigau, Bura, Taveta na Malindi pia, na wavuke mpaka wakaulize Rombo na Upareni. Kisha majina yachongwe Kasigau na Maktau, na waongoza watalii wayasome kwa wageni kabla ya kuwapeleka kwenye mbuyu.